Usiitumbukize sampuli yote kwenye formalini

Mgongo ukiuma miezi mitatu na MRI ikaonyesha pingili mbili zimelika, Nairobi jibu la kwanza ni TB. Mara nyingi ndiyo. Lakini fangasi kama kandida na aspajilasi nao hula pingili polepole vilevile, pengine bila homa, chembe nyeupe za damu zikiwa kawaida.

Uliza mgonjwa alipitia nini miezi iliyotangulia: kulazwa ICU na mpira kwenye mshipa wa shingo, upasuaji wa tumbo, antibiotiki za wiki nyingi, steroidi, kisukari, kujidunga. Kandida ikishapita kwenye damu, mgongo unaweza kuanza kuuma miezi kadhaa baadaye.

Kinachoamua ni kipande cha mfupa na diski, kinachotolewa kwa sindano chini ya CT. Hapa ndipo kazi huharibika: chote hutiwa formalini, dawa ya kuhifadhi vipande vya mwili, ambayo huua vijidudu, basi hakuna cha kuotesha. Kigawe. Nusu iende patholojia ikapakwe rangi za PAS na GMS, zinazoonyesha fangasi kwenye darubini. Nusu iwekwe kwenye chupa tasa yenye maji kidogo ya chumvi, ifike maabara siku hiyohiyo kwa kuotesha bakteria, GeneXpert (kipimo cha haraka cha TB) na kuotesha fangasi. Neno fangasi liandikwe kwenye fomu, la sivyo sahani za kuoteshea zitatupwa baada ya siku chache, na fangasi wengine huhitaji wiki nne.

Haya yote yafanyike kabla ya kuanza dawa za TB "za kujaribu". Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huchochea ini kuivunja vorikonazoli, dawa ya fangasi, karibu yote, na hupunguza flukonazoli, dawa nyingine ya fangasi, pia. Hata ikisimamishwa, athari hiyo huendelea kama wiki mbili.

Kandida inayosikia flukonazoli hutibiwa kwa miligramu 400 kila siku, miezi 6 hadi 12. Kabla aina haijajulikana, mimi ningeanza na ekinokandini, kundi jingine la dawa za fangasi, angalau wiki 2, maana Candida auris ipo Nairobi na flukonazoli kwa kawaida haiiwezi. Ukilazimika kutumia amfoterisini, dawa ya fangasi ya kudungwa mshipani, ichanganye na dekstrosi ya asilimia 5. Kwenye maji ya chumvi hufanya mashapo. Pima potasiamu na kreatinini mara kwa mara. Aspajilasi ni ya vorikonazoli: miligramu 6 kwa kilo kila saa 12 siku ya kwanza, kisha miligramu 4 kwa kilo kila saa 12.

Miguu ikilegea, mkojo ukiziba au pingili zikiporomoka, mpigie daktari wa upasuaji leo, si kliniki ya wiki ijayo.

Na MRI ya mwezi wa kwanza isikutishe. Inaweza kuonekana mbaya kuliko ya mwanzo huku mgonjwa anapona. Fuatilia maumivu na CRP, kipimo cha damu cha uvimbe mwilini.