Kumbukumbu ya mradi: kuokoa miti ya matunda iliyobambuliwa magome na mbuzi

Julai

Mahindi yameshavunwa, nyasi zimekauka, na huku pembezoni mwa Iringa mbuzi wameachiwa kama kila kiangazi. Wamepenya kwa upande wa nyuma wa uani na kubambua magome ya miti yangu minne: miparachichi miwili ya aina ya Hass ya kubebesha (tawi la Hass limeunganishwa juu ya shina lililoota kwa mbegu), mchungwa mmoja na mpichi. Kila aliyepita kunipa pole ameniambia ning'oe nipande mingine. Mimi nasema mti haung'olewi kabla hujauzunguka wote na kuona gome limebaki kiasi gani.

Kilichobaki ndicho kinachoamua. Kwenye gome ndimo inamopita floemu, njia ya sukari kutoka majani kwenda mizizini. Maji hupanda kwa njia nyingine, zailemu, ndani ya mbao. Ndiyo maana mti uliobambuliwa pete nzima huweza kukaa na majani ya kijani wiki nyingi, hata miezi, ilhali mizizi inakufa njaa. Watu wanauona, wanasema umepona, halafu unanyauka ghafla. Katikati ya gome na mbao kuna kambiamu, ule utando mwembamba wenye utelezi unaozaa gome jipya na mbao mpya. Utando huo ukishakauka kwa jua na upepo, umekwisha. Kwa hiyo saa za mwanzo zina thamani kuliko dawa yoyote utakayonunua baadaye.

Nimezungushia kila shina futi ya fundi cherehani. Mpichi umepoteza robo ya mzingo wake, mparachichi wa kwanza theluthi, mchungwa karibu nusu. Mparachichi wa pili umechunwa pete nzima, upana wa kiganja. Mitatu ya kwanza ina njia ya kuishi yenyewe ikihifadhiwa vizuri. Wa nne hauna, mpaka ufanyiwe kazi.

Kwamba ni mbuzi, sina shaka. Mbuzi hana meno ya mbele kwenye taya la juu, hukwangua kwa yale ya chini akivuta kwenda juu, na michirizo imeelekea huko huko, mirefu, yenye ncha za gome zilizochanika juu. Panya angeacha vijialama vyembamba viwili viwili karibu na ardhi. Fuko hula mizizi chini kwa chini, ukaja kushtuka mti umelala upande. Mchwa nao husingiziwa sana: mara nyingi huja baada, kula gome ambalo tayari limekufa.

Jioni ile ile nilifuta kisu kwa spiriti, nikasawazisha kingo zilizochanika mpaka pale gome liliposhika vizuri, bila kuongeza ukubwa wa jeraha. Kisha nikafunga nailoni safi, na juu yake kipande cha gunia kuzuia jua. Sikupaka rangi ya mafuta wala lami. Alex Shigo wa Idara ya Misitu ya Marekani alipasua miti mingi sana kwa msumeno wa mnyororo ili aone majeraha kwa ndani, na maelezo aliyochapisha na mwenzake mwaka 1977 yalionyesha kwamba mti huzuia uozo kwa kujijengea kuta kuzunguka jeraha. Rangi haiusaidii kazi hiyo.

Agosti

Nimeenda kwa mwenye mbuzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Najua kilichokuleta."

Sikuzungumza habari ya fidia. Nilimweleza kwamba majani na gome la mparachichi vina sumu iitwayo persini, na kwamba mbuzi anayenyonyesha akila anaweza kuvimba kiwele na kukaukiwa maziwa. Akila sana, moyo nao huathirika. Mzee alinyamaza kidogo, akauliza, "Hata huyu mwenye mapacha?" Tangu siku hiyo wanafungwa kamba, na ametukatia matawi ya miiba kuziba upenyo.

Kazi kubwa ya mwezi huu ni kuujengea mparachichi wa pili daraja: vipande vya tawi vinavyovuka pengo la pete ili sukari ipate njia ya kushuka. Kwanza nilijaribu kwenye tawi dogo: gome lilibanduka kirahisi, maana yake utomvu unatembea. Gome likigoma kubanduka, usianze. Mwagilia na usubiri. Vipande hivyo, ambavyo naviita vikonyo, nilivikata juu ya mti huo huo, unene wa penseli, virefu kidogo kuliko pengo ili vikae kwa kujipinda kama upinde, upepo ukitikisa shina visichomoke. Kila ncha nimeichonga bapa. Nimepasua gome lililo hai chini na juu ya pete, nikasokomeza ncha, nikaibana kwa msumari mwembamba, nikaziba kwa nta ya nyuki. Kikonyo lazima kikae kama kilivyoota, ncha ya chini iwe chini. Nimeviweka kwa nafasi ya sentimita tano hivi kuzunguka shina lote, na maua yote nimeyatoa ili mti usibebe mzigo.

Jambo moja lilinipa haraka: pete iko juu ya kiungo cha kubebesha. Mti huu ukifa juu, machipukizi ya chini yatakuwa ya shina la mbegu. Hass yangu itakuwa imepotea ingawa uani utaona mti.

Oktoba

Vikonyo viwili vimekauka. Vingine viko hai, vimeanza kunenepa, na vinatoa machipukizi ambayo nayapangusa kwa kidole kila ninapopita, kwa sababu nataka viwe njia, si matawi. Mpichi umeshatoa mdomo mnene wa gome jipya pande zote za jeraha. Mchungwa unakwenda polepole, na upande uliokuwa wazi kwa jua la mchana nimeupaka chokaa juu ya gome lisilojeruhiwa.

Ulinzi sasa. Kila shina lina waya wa kuku uliofungwa kwenye vigingi, shubiri moja kutoka kwenye gome, na unapita urefu wa mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Miiba nimeibakiza kwenye uzio tu; ukiirundika shinani unawaita mchwa. Kwenye gome lisilojeruhiwa napaka pia uji wa samadi ya mbuzi, kwa kuwa mbuzi hapendi kula kilichochafuliwa na kinyesi chake. Mvua ikinyesha huoshwa, inabidi kurudia. Kwenye jeraha siupaki kabisa.

Mvua zikianza nitafungua nailoni za mparachichi wa pili, nitoe vikonyo vilivyokufa, na kama gome bado linabanduka niweke vingine mahali pake.