Siku nilifunga mutoto wa yaya ku mashine ya uongo

Ilikuwa 2014, hapa Lubumbashi, kwetu Katuba. Miaka ile nilikuwa nakusanya mashine za zamani za kupima, barometa, ampermeta, mashine za presha zenye zebaki, yote yenye mushale ao kalamu ya kutembea yenyewe niliipenda, na kila siku ya mungu nilikuwa napita ku soko Kenya kwa bale benye kuuzisha feraye, byuma bya zamani. Siku moja mumoja akaniita, "Patro, kuya uone, niko na mashine ya moyo." Nikafungua lile sanduku, roho ikaruka.

Haikuwa ya moyo. Mashine ya moyo haina tuyo ya mupira yenye mikunjo ya kufunga mutu ku kifua. Hii ilikuwa nayo, na mukanda wa presha, na bipande bibili bya chuma bya kuvalisha bidole kwa kupima jasho, na kalamu tatu zimelala juu ya karatasi. Kibao kidogo: Stoelting, Chicago. Mashine ya kupima uongo, yenye nilikuwa naona paka mu picha! Bei sikubishana sana.

Kuitengeneza ilinichukua wiki tatu. Tuyo ilikuwa imekauka na kupasuka, nikaiziba na rustini za baiskeli, kalamu nikazilowesha mu maji ya moto mupaka wino wa zamani ukatoka, moteri ilikuwa ya volti 110 njo nikaazima transfo kwa fundi wa radio, juu ukiitia mu kuran yetu ya 220 inaungua palepale. Siku karatasi ilianza kutembea, santimeta 15 hivi kwa dakika, pole pole, na kalamu ya pumzi ikapanda na kushuka sawa na kifua changu mwenyewe, niliita nyumba nzima.

Mangaribi ile njo nilikosea. Niliwahadisia juu ya John Larson, polisi wa Berkeley kule Marekani, mwaka 1921 aliunganisha presha na pumzi ku mashine moja, na kesi yake moja ya mwanzo ilikuwa wizi mu nyumba ya wanafunzi wa kike, akafunga mabinti mumoja mumoja, na mumoja wa bale benye kuibiwa nyuma akamuoa. Batu balifurahi sana na ile ya ndoa. Lakini kipande kimoja sikukisema: ule ule Larson nyuma alianza kupinga vile mashine yake ilikuwa inatumikishwa. Nilikijua, nikakiacha, juu kingeharibu hadisi.

Siku ine nyuma, feza ya likelemba ya Mama mukubwa, ile batu banachanga na kupokea kwa zamu, ikapotea, dola 200. Macho yote yakaenda kwa mutoto wa marehemu yaya, dada yangu mukubwa; mutoto alikuwa na miaka 13, juu njo alikuwa analala mu kile chumba.

"Leta mashine yako," Mama mukubwa akaniambia. "Si ulisema ilikamata mwizi kwa bazungu?"

Ningekataa. Nasema kweli yote: nilitaka kuiona inatumika juu ya mutu mwingine.

Nikamufunga tuyo ku kifua, nikajaza mukanda hewa, nikamuvalisha bile bipande ku bidole. Batu kumi bamesimama mu salo, hakuna mwenye kukohoa. Unaitwa nani, uko kalasi gani, kalamu zikatembea sawa. Nikauliza, "Ulikamata feza ya Mama mukubwa?"

"Hapana, Tonto."

Pumzi ikafupika. Kalamu ya jasho ikapanda karibu itoke ku karatasi.

"Muone! Imeandika!"

Mutoto akaniangalia, hakulia, aliniangalia tu. Hata leo sijue kwa nini niliuliza lile lingine, pengine nilitaka tu aseme kitu yenye si ya wizi. "Mama yako aliitwa nani?"

Akataja jina. Kalamu ikapanda vile vile, na kushuka ikakawia zaidi.

Nikazima. Nikakata ile karatasi, nikamuletea Mama mukubwa ku mwangaza. "Hii milima ni ya feza. Hii ni ya jina la yaya. Nionyeshe uongo uko wapi." Akaangalia wakati murefu, yeye njo alimulea yaya, kisha akaenda kumufungua mutoto mwenyewe, bidole byake bilikuwa bimevimba juu mukanda nilikuwa nimeusahau na hewa ndani.

Feza haikuonekana hata leo. Tulichanga, likelemba ikalipwa.

Mutoto aliacha kuingia mu chumba changu, yeye mwenye alikuwa ananisaidia kupangusa bioo. Ilipita miezi. Siku moja wakati wa mvua akasimama ku mulango, akauliza, "Tonto, barometa inasema nini?" Nikamuambia aingie aangalie. Akaingia, lakini akapita kando kabisa ya ukuta mwingine, mbali na lile sanduku.