Kutenganisha sayansi na Kiingereza: ninavyofanya darasa la 5

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5. Mtoto aliyezoea kusoma kwa Kiswahili anapokea dhana mpya na lugha mpya kwa mpigo mmoja. Akinuna, tunasema hapendi sayansi. Mimi siikubali hukumu hiyo kabla sijampima.

Natumia karatasi moja yenye sentensi 9 za Kiswahili zisizomalizika, na kila moja ina nyuso 3 pembeni: inayocheka, iliyotulia, iliyonuna. Mtoto anazungushia mmoja. Sentensi 4 ni za sayansi yenyewe, mfano "Tunapofanya jaribio, mimi huwa…" Nyingine 4 ni za lugha: "Nikiulizwa swali la sayansi kwa Kiingereza, mimi huwa…" Ya 9 ni mtego: "Nikipoteza kalamu yangu, mimi huwa…" Aliyezungushia uso unaocheka hapo, karatasi yake naiweka kando, maana huenda amejaza bila kusoma.

Siandiki "Sayansi ni ngumu". Kuna watoto wanaopenda kitu kwa sababu ni kigumu, kwa hiyo jibu halikuambii kitu. Majina hayaandikwi, na anayesimamia ni mwalimu wa somo jingine. Nikisimamia mimi, watoto wanacheka kwenye karatasi ili kunifurahisha. Siku ya mtihani, usithubutu kuigawa karatasi hii.

Nyuso zikicheka kwenye sayansi na kununa kwenye lugha, nabadilisha mpangilio wa kipindi. Tuchukue umeme. Kila kundi la watoto 5 linapata betri 2 za volti 1.5, glopu ya tochi ya volti 2.5, vipande 3 vya waya, msumari, sarafu, raba na kipande cha kifuu. Katika dakika 40, 15 za kwanza ni za mikono tu. Kumi zinazofuata wanabishana kwa Kiswahili kwa nini msumari umewasha taa na kifuu hakikuwasha. Hapo siwakatizi hata kidogo, maana ndipo wanapofikiri kwelikweli.

Kiingereza kinaingia baada ya hapo, maneno 4 tu, kila neno likiwa na kitu chake mkononi. "Conductor" linahitaji uangalifu: mtoto anamjua konda wa daladala, na nisipomwambia mapema kwamba hapa ni kipitishi, ataandika anayekusanya nauli. Ana haki. Kisha tunajaza fremu moja ya sentensi, "A nail is a…", kwa sauti, wawili wawili, kabla ya kuandika.

Msumari usugue kwa msasa kwanza. Pwani chuma hushika kutu upesi, na kutu huzuia umeme. Kundi zima litaondoka likiamini chuma hakipitishi, na kulifuta wazo hilo ni kazi ya wiki.

Kosa ninaloliona zaidi ni kutafsiri kila sentensi papo hapo. Baada ya vipindi vichache watoto hawasikilizi tena Kiingereza, wanasubiri Kiswahili kije. Ndiyo maana kila lugha naipa dakika zake.

Karatasi ileile nairudia wiki ya 10, kwa mpangilio tofauti wa sentensi. Nyuso za lugha ndizo ninazozihesabu kwanza.