Tulivyoiamsha Land Rover ya baba uani kwetu Tanga

Baba alifariki mwaka 2009, na tangu mwaka huo Land Rover yake haikusogea hata hatua moja. Ilibaki uani, chini ya mwembe, pua imeelekea getini. Ni ile ndefu inayoitwa 109, kwa inchi zilizopo kati ya ekseli zake mbili, ya petroli, pikapu, aliyoinunua kwenye mnada wa shamba la mkonge nilipokuwa bado sijaanza shule. Ndiyo iliyosomba mchanga na mawe ya nyumba hii, na ndiyo iliyompeleka mama hospitali usiku wa manane alipojifungua mdogo wetu wa mwisho. Baada ya msiba kila mmoja wetu alikuwa na sababu ya kutoigusa. Kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha dereva. Wanunuzi wa vyuma chakavu walipiga hodi mara tatu, na mara zote mama aliwapa maji ya kunywa, akawaambia gari haiuzwi.

Oktoba 2024 wenye Land Rover walijazana Arusha kwenye tamasha lao, na picha zikazagaa kwenye simu za watu. Mama aliichukua simu yangu, akakaa nayo barazani muda mrefu akizipitisha moja moja. Mwisho akaniuliza, "Na hizi zote zinatembea?" Nikamjibu ndiyo. Hakuongeza neno. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kununua turubai.

Mimi ni mhasibu. Spana nilizijua kwa kumshikia baba tochi tu. Nilichokuwa nacho ni marafiki watatu tuliokua pamoja: mmoja anafundisha fizikia sekondari, mwingine ni mchomeleaji wa mageti na grili za madirisha, wa tatu ni fundi umeme wa majumbani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua injini. Tulikubaliana Jumamosi zote ziwe za gari, kuanzia saa mbili asubuhi hadi alasiri, na mama akasema chai na mihogo ni juu yake.

Siku ya kwanza tulishika msasa. Tulitaka tuione inang'aa, tupate moyo. Tulikuwa tumekwisha kwangua boneti nusu alipoingia jirani yetu, mzee wa miaka sabini na kitu, fundi mstaafu wa magari. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako chini ya gari. Alizunguka mara moja, akaomba nyundo ndogo, akaanza kuigonga chasisi kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia kama kengele. Alipofika nyuma, sauti ikawa ya kopo lenye mchanga. Akagonga tena palepale, nyundo ikazama ndani.

"Wanangu," akasema, "rangi ni nguo. Huyu mgonjwa hamjampima, mnamshonea nguo."

Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyetupangia kazi, naye hakutaka malipo. Alichotaka ni kiti cha kukalia na mtu wa kumsikiliza.

Wengi husema Land Rover za zamani haziozi kwa sababu bodi yake ni aluminiamu. Ni kweli nusu. Zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Lakini chasisi ni chuma, na sisi tunaishi karibu na bahari. Upepo wa chumvi unaingia ndani ya chasisi, maji ya mvua yanatuama, kutu inakula kutoka ndani huku nje unaona rangi. Na hata hiyo aluminiamu ina adui: pale inapogusana na chuma, ukiweka unyevu wenye chumvi katikati, yenyewe ndiyo inayoliwa. Tulipofungua milango tulikuta unga mweupe kwenye bawaba, unapukutika kama chokaa. Wakati wa kurudisha, kila palipokutana chuma na aluminiamu tuliweka kipande cha mpira wa tyubu au tukapaka grisi nzito.

Kabla ya kuchomelea, Mzee alitulazimisha kulishusha tangi la petroli na kulipeleka nje ya geti kabisa, ingawa lilikuwa kavu kwa miaka kumi na tano. Alituambia tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani yake mna mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Hakuruhusu moto ulikaribie siku hiyo wala siku nyingine. Tulilisafisha kwa maji na kokoto, tukilitikisa watu wawili hadi maji yakaacha kutoka mekundu, kisha tukalianika juani siku kadhaa. Mchomeleaji wetu alikata bati nene la milimita 3, akaondoa chuma kilichooza mpaka akafika kwenye kizima, akaunga upya sehemu yote ya nyuma pamoja na mikono miwili inayobeba bodi. Ilichukua Jumamosi tano. Ni kazi nzuri kuliko geti lolote alilolitengeneza, naye anajua.

Injini ilikuwa imekwama. Tulipitisha hendeli kwenye tundu la bampa, tukajaribu kuizungusha, haikutikisika. Mwalimu alipendekeza tuweke bomba refu kwenye hendeli ili kupata nguvu. Mzee alikataa kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. Ringi za pistoni zikishikana na kutu kwenye ukuta wa silinda, ukilazimisha unavunja ringi au unachana ukuta, na hapo injini imekwisha.

Dawa yake ilikuwa subira. Tulitoa plagi zote nne, tukamimina kwenye kila tundu mchanganyiko wa dizeli na oili ya gia za otomatiki, kama nusu kikombe cha kahawa. Kila jioni nikitoka kazini, kabla hata ya kuvua viatu, nilishika hendeli nikaisukuma kidogo, nikaiachia, nikaisukuma tena, kwa mkono mmoja tu. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Niliongeza mchanganyiko, nikaendelea. Siku ya ishirini na tatu, ilikuwa magharibi, adhana inasikika, hendeli ikaenda. Upana wa kidole tu. Niliisukuma tena, ikaenda tena. Nilipiga magoti palepale kwenye majani makavu ya mwembe, nikamwita mama.

Tulipofungua silinda hedi tuliona chanzo. Silinda ya tatu ilikuwa na mstari wa kutu kuizunguka kama pete, kwa kuwa gari liliposimama kwa mara ya mwisho valvu yake ilibaki wazi, na unyevu ukapata njia. Silinda nyingine zilikuwa safi kiasi cha kushangaza. Tulichomoa pistoni kwa juu, tukasugua kuta taratibu kwa msasa laini wenye oili, tukaweka ringi mpya, tukasaga valvu kwa mkono, moja baada ya nyingine, hadi kila moja ikakaa vizuri kwenye kiti chake. Gasketi mpya, na boliti za hedi zikakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu.

Umeme ulikwenda haraka zaidi, ingawa ulituletea somo lake. Fundi wetu alitoa waya zote zilizoliwa na panya, akaweka mpya, kila moja na kipande cha tepu chenye maandishi. Tulipowasha, taa za nyuma zilikuwa hafifu na breki ikikanyagwa indiketa nazo zinawaka. Alihangaika nusu siku. Kwenye nyumba waya wa kurudi unauona. Kwenye gari, chasisi yenyewe ndiyo waya wa kurudi, na sisi tulikuwa tumeipaka rangi safi hadi kwenye boliti ya kufungia. Rangi haipitishi umeme. Alikwangua sehemu ya ukubwa wa sarafu, akakaza boliti, taa zikawaka kama inavyotakiwa.

Kama kuna kazi ambayo simshauri mtu aiharakishe, ni breki. 109 ina silinda za breki mbili kwa kila tairi la mbele na moja kwa kila la nyuma, jumla sita, na zote zilikuwa zimekufa. Dramu zilishikana na viatu vyake hivi kwamba tulizigonga pembeni kwa nyundo ya mbao asubuhi nzima. Vumbi lililokuwemo tulililowesha maji kwanza, hatukulipuliza, kwa sababu breki za miaka ile zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi hilo likiingia mapafuni halitoki. Silinda za kwanza nilizonunua kwenye duka moja hapa mjini zilikuwa na boksi zuri na bei nzuri. Wiki moja baadaye mbili zilikuwa zinavuja. Mwenye duka alikataa kuzipokea. Niliumia, maana pesa ile nilikuwa nimeikata kwenye ada, lakini niliumia zaidi nilipofikiria kwamba zingeweza kuvuja siku tuko mteremkoni na mama yumo ndani. Niliagiza nyingine Gerezani, Dar es Salaam, zikaja kwa basi, na safari hii Mzee alizikagua moja moja kwa kidole kabla hajaturuhusu kuzifunga. Tulitoa hewa kwenye mfumo mara tatu, siku tatu tofauti, hadi pedali ikawa ngumu chini ya mguu.

Masika yalitukuta hapo. Kwa karibu mwezi mzima tulikaa chini ya turubai tukisafisha kabureta na kuongea.

Siku ya kuwasha, majirani walijaa uani. Pointi, zile zinazokata na kuunga umeme wa cheche, tulizipima kwa geji, milimita 0.38. Nafasi za valvu, 0.25. Waya za plagi tulizipanga kwa mfuatano wa silinda kupata cheche, 1-3-4-2. Betri mpya, petroli lita tano. Fundi umeme akabonyeza stata. Injini ilizunguka, ikakohoa, kisha mlio mkubwa na ulimi wa moto ukatoka kwenye kabureta. Watoto wakakimbia. Tulijaribu tena, vilevile. Mzee hakuwepo, alikuwa kliniki. Tulibaki tunaangaliana.

Mwalimu ndiye aliyeokoa siku ile. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akachora mchanganuo mchangani kwa kijiti: pistoni ya kwanza hufika juu mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi yake, mara moja ikibana mchanganyiko wa petroli na hewa, mara nyingine ikitoa moshi. Sisi tulipoweka distributa, inayogawa cheche kwa plagi, tuliangalia pistoni iko juu, basi. Hatukuangalia iko juu kwa kazi ipi. Tukatoa plagi ya kwanza. Akaweka kidole gumba kwenye tundu, akaniambia nizungushe hendeli polepole. Zamu ya kwanza kidole kikatulia. Zamu ya pili pumzi ikakisukuma kidole nje, pfff, hata mimi niliisikia nikiwa mbele. "Hapa ndipo," akasema. Tulikuwa tumekosea nusu duara nzima. Tukaigeuza rota ya distributa, tukarudisha waya.

Iliwaka kwa mara ya kwanza. Moshi mweupe mwingi, kisha mdogo, kisha ule mlio ninaoujua tangu utotoni, mzito, wa polepole, kama mtu anayetwanga mtama. Mchomeleaji alilia waziwazi, na hakuna aliyeona ajabu.

Rangi tuliipaka mwisho, kijani kilekile. Mlango wa dereva hatukuupaka. Kuna sehemu chini ya dirisha ambapo baba alikuwa akiegemeza mkono, rangi imelika hadi aluminiamu inaonekana, laini kama sahani ya zamani. Mama alisema pale pasiguswe, na hapajaguswa. Mirathi, kubadili jina la mmiliki TRA, mamlaka ya mapato, bima na ukaguzi vilichukua karibu mwezi na nusu. Kwa fedha, nilitumia shilingi milioni nne na laki sita katika miezi tisa, bila kuhesabu jasho la watu ambao hawakutaka kulipwa.

Safari ya kwanza ilikuwa Muheza, shambani, kilomita zisizofika 40. Mzee alikataa kukaa mbele, akasema ni nafasi ya mama. Tukampandisha nyuma kwenye kiti chake kilekile cha siku zote, tumekifunga kwa kamba, naye mwenyewe ameshika bomba la turubai kwa mikono miwili. Tulikwenda kilomita 50 kwa saa, si zaidi. Kila tuliposimama, mwalimu alishuka na kugusa katikati ya kila ringi ya tairi kwa kiganja kuona kama kuna iliyochemka. Kwenda zote zilikuwa vuguvugu. Tulipakia magunia mawili ya machungwa. Kurudi, tulipofika Pongwe, alivuta mkono haraka: kulia nyuma ilikuwa ya moto. Tukapiga jeki, tairi lilikuwa zito kuzunguka. Tukailegeza breki kidogo kwa nyuma ya dramu, tukasubiri ipoe tukila machungwa kando ya barabara, tukaondoka.

Saa kumi na moja jioni tuliingia getini. Nikaiegesha palepale chini ya mwembe, safari hii pua imeangalia nyumba. Marafiki wakashuka, Mzee akasaidiwa kushuka, magunia yakashushwa. Nilinyoosha mkono kuzima ufunguo. Mama, aliyekuwa bado ameketi na mkoba wake mapajani, akanishika mkono. "Iache kidogo," akasema. Nikaiacha.