Taa ya mguuni

Agosti 2016 nilirudi Igombe likizo, kompyuta yangu imejaa picha za kinesini, protini ninayoisomea. Usiku mmoja nilimkuta mjomba ufukweni. Hakwenda ziwani, mtumbwi wake ulikuwa umepandishwa nchi kavu unazibwa. Lilikuwa giza zuri la dagaa na taa za wenzake zilikuwa mbali majini. Akaniuliza nasomea nini hasa, maana mama alishindwa kumweleza.

Nikamwambia ndani ya seli zetu kuna mirija yenye unene wa nanomita 25 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na juu yake hupita kinesini, protini ya miguu miwili, imebeba mzigo. Hatua moja nanomita 8, na kila hatua inakula molekuli moja ya ATP, mafuta ya seli.

"Na mnaionaje?"

Yenyewe hatuioni. Tunaifunga rangi inayong'aa, na kwenye hadubini tunapata doa la mwanga lenye upana wa nanomita 250 hivi, mara thelathini ya hatua yenyewe. Nikamwonyesha taa ya mbali kabisa, iliyotawanywa na ukungu. Ukiulizwa mtumbwi uko wapi, kidole kinakwenda katikati ya ule mwanga, hakiendi pembeni. Nasi tunatafuta kitovu cha doa. Ukikusanya fotoni, yaani chembe za mwanga, kama 10,000, unakipata kwa kosa la nanomita moja na nusu tu.

Alinyamaza kidogo. "Sasa mjomba," akasema, naye huniita hivyo hivyo, "hiyo taa mmeifunga kiunoni au mguuni?"

Mwili ulinisisimka. Watafiti walibishana kwa miaka iwapo kinesini hujikokota, mguu mmoja ukitangulia daima, au hupishanisha miguu kama sisi. Mtafiti Ahmet Yildiz na wenzake waliumaliza ubishi huo mwaka 2004 kwa kuweka rangi kwenye mguu mmoja. Nilitaka kumpa jibu, lakini mjomba alikuwa ameshachukua tochi na kipande cha uzi wa nyavu, anajifunga kwenye kifundo cha mguu.

Akatembea mchangani. Mimi juu ya jiwe niliona mwanga tu: unaruka, unatulia mguu wa pili ukipita, unaruka tena. Aliporudi aliifunga kiunoni. Safari hii mwanga ulisogea kila hatua, kidogo kidogo.

"Ya mguuni inaruka mara mbili ya hii," akasema akihema.

Ndivyo Yildiz alivyoona: doa liliruka nanomita 17 hivi, likatulia, likaruka tena. Kinesini inatembea. Nilimweleza, akafurahi, lakini hakutosheka.

"Na mguu ukiwa juu, haujatua, unakuwa wapi?"

Wakati ule sikuwa na picha ya kumwonyesha. Mwaka 2023 nilikuwa nasoma jinsi hadubini ya MINFLUX ilivyoukamata mguu huo katikati ya hatua, nikampigia simu kabla sijamaliza ukurasa.