Kichupa cha bluu, kauntabuku na shavu langu la kushoto

Binamu yangu aliyeko Dubai alinitumia kichupa chenye unga wa bluu na ujumbe: "Dada, hii ni dawa ya ngozi na misuli humohumo." Nilikuwa na shida zote mbili. Madoa ya chunusi yamejaa mashavuni, na mshipa wa kisigino cha kulia unanichechemesha kila nikishuka kitandani, tangu nianze kujiandaa na Kilimanjaro Marathon. Nikajua nyota ya jaha imeniangukia.

Kocha wa jim yetu hapa Tabata hata lebo hakuisoma. "Vuta uniti kumi, choma tumboni, lala." Uniti kumi za nini? Lebo ilisema miligramu 70: GHK-Cu 50, BPC-157 10, TB-500 10. Chini yake, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, ni kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Sasa, uniti za bomba la insulini ni kipimo cha ujazo tu. 100 ni mililita moja. Unga huo ukiyeyushwa kwa mililita mbili za maji, uniti kumi zina miligramu 3.5. Ukiyeyushwa kwa mililita moja, zina 7. Kocha nilipomwonyesha hesabu hiyo alisema nasoma sana.

Kweli nasoma. GHK ni peptidi, yaani kipande kidogo cha aina ya protini, asidi amino tatu tu, aliyoigundua Loren Pickart mwaka 1973 kwenye plazima ya damu ya binadamu. Rangi ya bluu inatokana na shaba iliyoshikamana nayo. BPC-157 sifa zake nyingi zimetoka kwa panya wa maabara. Hiyo na TB-500, peptidi nyingine ya kutengenezwa, zimepigwa marufuku kwa wanamichezo na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni. Mimi huwa namaliza mbio watu wanakunja mahema, hakuna atakayehangaika na mkojo wangu, lakini bado.

Kilichonikera zaidi ni ule mchanganyiko wenyewe. Ukila sinia la shughuli tumbo likakuuma, utamshitaki pilau au kachumbari? Kichupa kikaenda nyuma ya friji, kila shida nikaipa njia yake, na nikanunua kauntabuku ya elfu tatu, nne, sikumbuki.

Usoni nilichukua seramu ya kupaka ya peptidi ya shaba, kama elfu sitini hivi. Shavu la kushoto tu. La kulia halikupata kitu, isipokuwa sanskrini, krimu ya kukinga jua, niliyoanza kupaka uso mzima kwa sababu ya jua la kituo cha daladala. Seramu ya vitamini C niliisimamisha, nisije nikachanganya mambo tena.

Kila Jumamosi nilijipiga picha. Wiki ya tatu nilikuwa nimeng'aa mpaka nikamtumia shoga yangu, naye akajibu kwa mioyo sita. Usiku nikazikuza zile picha nijifurahishe vizuri. Kidoti changu chini ya jicho la kulia, nilichozaliwa nacho, hakipo! Seramu gani inafuta kidoti, tena upande isikopakwa? Kumbe simu ilikuwa kwenye mpangilio wa kurembesha, imelainisha uso, imefuta kidoti, na pua imeinyoosha kidogo (pua sikuilalamikia). Wiki tatu zote nikazipiga mstari.

Nikaanza upya kwa kamera ya nyuma. Simu juu ya kopo la sukari, dirisha lilelile, saa moja asubuhi, miguu kwenye alama ya mkaa sakafuni, karatasi nyeupe chini ya kidevu. Karatasi ikitoka ya njano, narudia. Kisha nilikata kila picha nusu kwa nusu, nusu moja nikaigeuza zote zielekee upande mmoja, nikampa mama mdogo achague shavu zuri bila kujua lipi ni lipi. Baada ya wiki kumi alikuwa amechagua la seramu mara sita. Shilingi ukiirusha inakupa hivyohivyo. Ila madoa yalikuwa yamefifia pande zote mbili! Elfu sitini zangu zimeaibishwa na sanskrini.

Kisigino nilikipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Ngazi tu: vidole ukingoni, shusha kisigino polepole, 15 mara tatu goti limenyooka, 15 mara tatu limekunjwa, asubuhi na jioni, wiki 12. Kila asubuhi niliandika maumivu ya hatua ya kwanza, sifuri hadi kumi. Nilianza na 7. Wiki ya nne bado 6, nikamsonya yule mtaalamu kimoyomoyo. Wiki ya tisa, 2. Ya kumi na mbili nilisahau kuandika siku tatu mfululizo.

Nikarudi jim nakimbia. Wiki hiyohiyo nikamsikia kocha akimwambia mteja mpya, huku ananinyooshea kidole: "Yule dada unamwona? Uniti kumi tu."