Namba za Embraer 190 nilivyozihifadhi kwa njia ya chuo cha Kurani

Nilipoitwa kwenye kozi ya Embraer 190 nilijiona nimeshafika. Nilikuwa nimerusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja ya pangaboi, miaka kadhaa, kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara na kurudi, nikitua kwenye viwanja vya vumbi ambavyo kwanza unavipitia chini chini ili pundamilia wakupishe. Nikadhani ndege yenye injini mbili za jeti na kompyuta kila pembe itanihurumia. Siku ya kwanza tukagawiwa sura ya mipaka ya uendeshaji: mwendo, kimo, uzito, joto, upepo, mafuta, umeme. Mwalimu akasema Jumatatu atauliza bila kitabu.

Kwa asiyejua, mipaka hii si ushauri. Imo kwenye kitabu cha ndege kilichoidhinishwa, na ukivuka mmoja unaandika kwenye daftari la ndege, mafundi wanakuja kukagua, nawe unakwenda kujieleza. Baadhi huonekana kwenye skrini kwa rangi nyekundu, hizo hazimnyimi mtu usingizi. Zinazotesa ni zile ambazo lazima ziwe kichwani kabla mkono haujagusa kitu.

Nilizisoma kama nilivyosomea mitihani yote ya urubani: kalamu ya manjano, kahawa, usiku wa manane. Jumatatu mwalimu akaanza na mimi. "Flapu 2, mwendo usiozidi ngapi?" Nikajibu bila kusita: "Noti 175." Darasa likacheka. Noti ni maili za baharini kwa saa, na flapu ni vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kuruka na kutua. Hiyo 175 ni ya Caravan, flapu zikiwa nyuzi 10. Caravan ina 175, 150 na 125, na hizo nilikuwa nazo hadi kwenye mifupa. Za Embraer zilikuwa wageni tu waliolala ukumbini, ilipopigwa hodi akatoka mwenye nyumba. Mwalimu hakucheka. Akaniuliza jambo baya zaidi: kwa nini kuna mpaka wenyewe? Nikabaki kimya.

Wakati huo nilikuwa nakaa kwa dada yangu mkubwa, South C. Jioni yeye husomesha watoto wa majirani Kurani pale sebuleni. Nilipomweleza aibu yangu akaendelea kukuna nazi, kisha akauliza, "Kwani juzuu ya Amma uliihifadhi kwa kuitazama?" Nikamwambia dada, hivi ni vitu tofauti. Akasema, "Tofauti ni nini? Leta hizo karatasi."

Utaratibu wake ulikuwa ule ule wa chuo cha Kurani tulichosoma Mombasa tukiwa wadogo. Mistari mitano kwa siku, haizidi hata ukijiona hodari. Kwa sauti, si moyoni. Kabla ya somo la leo unadurusu la jana na la juzi, ukikosea neno unarudi mwanzo. Akanikatia kadi kutoka kwenye maboksi ya majani ya chai, mbele swali, nyuma jibu. Mimi nikaongeza langu moja: nilibandika ukutani picha ya chumba cha marubani yenye ukubwa wa kweli, na kila nikitaja namba, mkono uende pale kitu kilipo. Flapu 1, 230. Flapu 2, 215. Flapu 3, 200. Ya 4 na ya 5, zote 180. Flapu kamili, 165. Mkono unashuka na sauti inashuka. Siku ya tatu ile 175 ya Caravan ilikuwa imeacha kujileta yenyewe.

Jambo ambalo sikulitegemea ni maswali ya dada. Yeye hajui ndege zaidi ya kupanda, kwa hiyo kila kadi aliisoma kama mtu anayesoma bei dukani na kuona kuna walakini. Alifika kwenye kadi ya mwendo wa juu kabisa: noti 300 hadi futi 8,000, kisha 320 kuanzia futi 10,000, na huko juu zaidi mpaka unakuwa Mach 0.82, yaani asilimia 82 ya mwendo wa sauti. Akauliza, "Mbona chini mnazuiwa na juu mnaachiwa?" Sikuwa na jibu. Kesho yake nikaenda kumwuliza mwalimu, naye akafurahi kuliko siku zote. Akasema fikirieni ndege, wale wenye manyoya. Kanuni za kuthibitisha ndege hizi zinataka mwili wa ndege ustahimili kugongwa na ndege wa pauni 4, karibu kilo 1.8, na hesabu za mgongano huo hufanywa kuanzia usawa wa bahari hadi futi 8,000, kwa sababu chini huko ndiko viumbe hao waliko. Nilipomrudishia dada jibu hilo akataka kujua wale makorongo wakubwa wanaokaa kwenye miti ya pale Uwanja wa Nyayo wana kilo ngapi. Wanazidi hizo pauni 4, tena mbali. Hajawatazama kwa jicho lile lile tena, na mimi pia.

Tangu hapo kadi ile haikuwa namba tupu. Uwanja wa Nairobi uko futi 5,330 juu ya bahari, hivyo ukiruka pale futi 8,000 iko karibu sana, hujamaliza hata kutulia umeshaipita. Ukiruka Mombasa, ambako uwanja uko karibu na usawa wa bahari, unakaa ndani ya ule ukanda muda mrefu. Namba ni moja, viwanja viwili, kazi mbili.

Upepo wa nyuma ulijihifadhi wenyewe, maana mimi ni mtoto wa pwani. Mpaka ni noti 10 kwa kuruka na kutua. Babu alikuwa baharia, na kwake upepo wa tezi ulikuwa neema. Kwa rubani anayetua ni kinyume: unamsukuma, anagusa ardhi kwa kasi kubwa na njia inamwishia. Njia kubwa ya Mombasa ni 03 upande mmoja na 21 upande wa pili, yaani karibu nyuzi 30 na 210 za dira, kwa hiyo wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki, mara nyingi tunaijia kutoka kusini magharibi ili tuukabili, na kusi, upepo wa kusini, ikiingia tunageuza. Yaani kalenda ya majahazi bado inatumika, ila hakuna anayeitaja kwenye redio.

Kilichonikaba ni APU, ile injini ndogo iliyo mkiani inayotoa umeme na hewa. Ina namba nne na zote ni za kimo: isifanye kazi juu ya futi 33,000, isiwashwe juu ya 30,000, hewa yake isaidie kuwasha injini kubwa hadi 21,000, na kwa matumizi mengine ya hewa hadi 15,000. Nilizichanganya wiki nzima. Mwishowe dada akaniambia nizishuke kama ngazi za nyumba ya Mji wa Kale: darini, chumbani, sebuleni, barazani. Hewa huku juu ni nyembamba, injini ndogo haina pumzi ya kutosha, na kila unaposhuka inapata nguvu ya kazi nzito zaidi. Nikazipanda na kuzishuka hadi jirani wa chini akagonga.

Nyingine zilipita bila vita. Flapu zisitoke juu ya futi 20,000. Tofauti ya mafuta kati ya bawa na bawa isizidi kilo 360. Wipa noti 250, dirisha la pembeni lisifunguliwe ukizidi 160. Kwenye msukosuko, 250 chini ya futi 10,000, na juu yake 270 au Mach 0.76, ile iliyo ndogo. Nazitaja kwa toleo tulilofundishiwa sisi. Ndege hizi zina matoleo na marekebisho, na anayesoma hapa akiwa njiani kwenda kozi afuate kitabu cha ndege yake, asifuate cha kwangu.

Duru ya pili ya maswali nilipita, ingawa niliteleza kwenye uzito wa kutua. Kipimo cha kweli kilikuwa kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urushaji. Tuko futi 35,000, mwalimu akatuzimia jenereta moja. Jicho langu na mkono vikakimbilia swichi ya APU, na nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema kwa sauti, "Chumbani, 30,000." Mwenzangu wa kiti cha kushoto akanitazama kama nimechanganyikiwa. Nikamweleza baadaye. Tuliomba kushuka kwanza, tukafuata cheklisti, tukawasha kule inakoruhusiwa. Mwalimu aliandika kitu kwenye karatasi yake na hakusema lolote, na kwa mtu yule hiyo ni sifa.

Miezi michache baadaye dada alikuwa anakwenda Mombasa harusini, akaangukia safari yangu. Sikumwambia kapteni. Tulishuka kwa 21, kusi ikivuma, kazi ikawa ya kawaida. Nilimkuta nje akingojea mizigo, anacheka peke yake. Akasema kila aliposikia ule mlio wa flapu chini ya bawa alikuwa akihesabu kwa sauti, 230, 215, 200, 180, na mama aliyekaa pembeni yake, akidhani anaomba dua, akamshika mkono na kuitikia amina kila namba.